Mashine ya Akili Ine

Walikale, tarehe 4 Machi 2008

Mama Bienvenu, bibi yangu,

Nilifika. Usiulize namna gani. Moto, ile pikipiki ya kukodi, ilitubeba mpaka Nyabiondo, na kutoka pale sisi njo tuliibeba. Baba mudogo Edmond alinipokea muzuri, akanipa chumba nyuma ya duka lake, katikati ya magunia ya chumvi. Kazi yangu ni kwenda na kamyo yake Kilambo, pale ndege zinatua juu ya barabara, kupokea mizigo na kuirudisha hapa. Siku ya Mungu, misa ikiisha, tunaongea Kinande na watu wa Butembo mpaka nasahau niko wapi.

Sasa mambo ya mashine. Najua papa yako analalamika kwamba mukwe wake alikwenda na kumuachia masanduku mawili ya chuma ndani ya nyumba yake ya kusagia mahindi. Mwambie hivi: ile kampuni ya Goma ingezitupa katika shimo. Mimi niliziomba, na kuna siku atanishukuru. Ile ndogo ni ya kutolea vipande. Ile kubwa ni serveri ya prosesa ine, ni kusema akili ine zinazofikiri pamoja. Ordinateur, ile kompyuta ya kawaida, iko na moja. Ikiwaka, zile ordinateur sita ndogo zilizokuja pamoja nayo, ambazo hazina disque ya kuhifadhi kazi, zitaazima akili kwake, na wanafunzi wako watagusa vifungo vya clavier ya kweli, si ile unawachorea kwenye ubao.

Umeme wa turbini ya papa, ile inayozungushwa na maji ya mufereji, unatosha, lakini hautulii. Unapanda, unashuka, na serveri ya zamani haipendi hiyo. Njo maana niko huku: kutafuta régulateur yenye nguvu ya kuutuliza. Ndege zinaleta kila kitu. Mpaka niipate, usiwashe.

Emérita, nasema usiwashe. Nakujua.

Bwana yako,
Guylain


Lushebere, tarehe 2 Aprili 2008

Papa Bienvenu,

Niliwasha.

Usikasirike mbele ya kumaliza kusoma. Papa, yule unasema analalamika, njo alinisukuma. Alisimama mulangoni na kusema, "Hivi vitu vitakula fasi yangu ya mahindi mpaka lini? Jaribu tuone." Tulisimamisha jiwe la kusagia ili turbini itumikie serveri peke yake. Nikabonyeza. Ventilateur zote, zile feni za ndani, zikaanza kunguruma, kuku zikatoka mbio, na kule kwenye kituo cha afya, pale papa aliwavutia waya kwa ajili ya taa mbili za maternité, pale wamama wanajifungulia, taa zikazimika. Infirmier, muuguzi wa pale, alipanda kilima na panga, akifikiri wezi wamekata waya. Kisha mashine ikalia bip tatu, ikanyamaza. Screen nyeusi tititi. Kesho yake nilijaribu tena. Bip tatu, kimya.

Mutoto wako Bienvenu sasa analia bip tatu kila anapokataa kula.

Basi niambie: bip tatu ni nini? Na usiniambie ningoje. Unamukumbuka Constantin, yule kijana murefu wa darasa langu? Mwaka jana, siku ya jury pratique, ule mutihani wa vitendo, inspecteur alimukalisha mbele ya ordinateur na kumwambia awashe. Alikuwa hajaiona hata siku moja katika maisha yake. Akatafuta kifungo nyuma, chini, pembeni, na mwisho akaiambia, "Bonjour." Watu wote walicheka. Aliacha masomo. Sasa anachoma makaa. Kila nikimukuta njiani ananisalimia vizuri, na mimi njo naona haya, juu mimi njo nilimufundisha informatique miaka miwili kwa chaki.

Bibi yako mukaidi,
Emérita


Walikale, tarehe 20 Aprili 2008

Mukaidi wangu,

Nilikasirika mpaka pale kwa kuku, kisha nikacheka. Baba mudogo Edmond alifikiri nimeshikwa na malaria ya kichwa.

Bip tatu: mémoire, ile kumbukumbu ya mashine, haishiki vizuri. Zima, toa waya. Mbele ya kugusa kitu ndani, shika kwanza chuma ya sanduku, juu mwili wa muntu uko na umeme kidogo unaoweza kuua mémoire. Chomoa zile réglette zote, vile vipande vyembamba vya mémoire. Meno yao ya rangi ya zahabu yamepata kutu ya vumbi na unyevu. Yasugue na gomme ya shule, polepole, kama unafuta kosa la mutoto bila kupasua karatasi. Rudisha mbili tu, jaribu, kisha ongeza.

Kuhusu taa za maternité: disque zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi kwa mara moja. Papa afungulie kwanza maji mengi. Utawasha serveri peke yake, utangoja sauti yake itulie, njo utawasha zile ndogo moja moja. Na utume muntu aulize kama hakuna mama anayejifungua!

Kitu cha mwisho. Kama prosesa moja ikikufa, unaweza kuitoa, lakini usiache fasi yake wazi. Weka kile kikadi cha kijani. Viwili viko ndani ya lile sanduku la pili, ile mashine ndogo. Fasi ikibaki wazi, zile akili zingine zinakataa kufikiri.

Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza. Nakupenda.

Guylain


Lushebere, tarehe 15 Juni 2008

Guylain,

Inawaka! Inawaka, inawaka. Nilisugua meno ya mémoire mpaka gomme ikaisha, nikaazima ya mutoto wa jirani. Mara ya kwanza bip tatu. Mara ya pili bip moja, na screen ikaandika: moja, mbili, tatu, ine, ikihesabu prosesa zake kama mama anayehesabu watoto mbele ya kufunga mulango. Papa alivua kofia.

Nilituma watu kwa Constantin. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe kwenye makaa yake, nikamwambia, "Njoo uone, kisha utarudi kwa makaa yako." Alisimama mbali na mashine, mikono nyuma, nikajua anaogopa kuichafua. Nikamwambia awashe. Aliwasha. Hakuna aliyecheka. Alikaa mpaka papa akafunga maji, na asubuhi yake nilimukuta mulangoni mbele yangu, amenawa mpaka viwiko. Mwezi wa tisa atarudi darasani. Watakuwa kumi na moja, na mwaka ujao mwezi wa tano watakwenda kwa jury.

Rudi. Régulateur au hapana régulateur. Nataka uone.

Emérita


Walikale, tarehe 30 Agosti 2008

Mama Bienvenu,

Usishangae kuona maandishi mengine. Kazi imenijaa mikono, basi nimemuomba muntu anisaidie kuandika. Nilifurahi sana kusikia habari ya mashine. Endelea vile. Mimi sitaweza kurudi mwezi huu, na labda hata ujao. Régulateur nimeiona, ninaongea na mwenye kuiuza.

Ventilateur zipanguse na kitambaa kikavu.

Salimu papa na mama. Mimi ni muzima.

Guylain


Lushebere, tarehe 21 Septemba 2008

Papa Bienvenu,

Barua ilifika. Maandishi ni mazuri sana. Herufi zimesimama mustari kama watoto wa shule siku ya inspecteur. Hata sabuni ilinukia kwenye karatasi.

Huku ni salama. Mashine inatumika. Watu ni wengi kidogo njiani, wengine wamebeba magodoro. Ni mambo ya mashamba tu. Bienvenu amekua.

Salimu anayekushikia bic ya kuandika.

Emérita


Walikale, tarehe 16 Novemba 2008

Emérita,

Nilituma barua mbili, sijapata jibu. Motard mumoja, mwendesha moto, aliniambia barua alizobeba zilichomwa pamoja na moto yake karibu na Kashebere. Redio inasema vita iko Ngungu, iko karibu na Sake, watu wanakimbilia Lushebere kwa maelfu. Wewe uliniandikia "mambo ya mashamba". Niambie kweli. Andika hata neno moja tu, ukamupe muntu yeyote anayetembea kuelekea huku.

Anayeniandikia ni muntu mwema tu, usiweke mambo mengine katika kichwa.

Régulateur nimeipata. Iko chini ya kitanda changu. Njia ikifunguka nitaituma.

Guylain


Lushebere, tarehe 14 Desemba 2008

Papa Bienvenu,

Umeomba neno moja: wazima. Sote.

Mashine inapumzika kidogo. Papa anatembea polepole, ni umri. Masomo yalisimama, yataanza tena.

Nilitazama neno lako "nitaituma". Hukusema "nitaileta". Wakati ule uliandika mwenyewe, barua zako zilikuwa na matope na makosa, na nilikuwa nasikia sauti yako ndani. Sasa hakuna kosa hata moja. Basi mwambie dada huyo mwenye sabuni amutunze vizuri bwana ya watu. Akimuchoka, amurudishe na nguo zake zote.

Emérita


Walikale, tarehe 11 Januari 2009

Mama Emérita,

Hatujuani, lakini maandishi yangu unayajua na umeyasifu. Naitwa Euphrasie. Mimi ni infirmière hapa Walikale, mujane, bibi ya wajukuu wengi, na magoti yananiuma mvua ikikaribia. Sabuni ni ya kunawia mbele ya kufunga vidonda. Bwana yako hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili, mimi njo nilimusomea kwa sauti. Nilipofika kwa "dada huyo mwenye sabuni" nilicheka, unisamehe, juu ni miaka mingi hakuna aliyenionea wivu. Kisha nikaona yeye hacheki. Akasema, "Mama Euphrasie, ishia hapo." Akageukia ukuta.

Mwezi wa saba kamyo ya Papa Edmond ilizama katika matope, wakirudi kutoka Kilambo. Guylain aliingia chini kuweka mawe. Kriki iliyoshikilia kamyo ikachomoka, na mukono wake wa kuume ukabaki chini ya chuma. Tulifanya yale tuliweza. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, na mwisho tulikata kwenye kifundo cha mukono ili tuokoe muntu. Sasa kimepona. Yeye hajapona.

Alitukataza kukuambia. Nilimuuliza sababu gani. Akanijibu, "Atakuja. Atabeba mutoto mugongoni, apite katikati ya vita kwa miguu. Humujui." Nilinyamaza miezi yote hii juu njia ilikuwa ya kufa kweli. Sasa wanasema inaanza kutulia, na mimi nimechoka kuandika "mimi ni muzima" kwa mukono wangu.

Mama Euphrasie


Lushebere, tarehe 8 Februari 2009

Guylain,

Mama Euphrasie ameniambia. Usimugombeze, ama mimi na yeye tutakugombeza pamoja. Mwambie nimepiga magoti namuomba radhi, na karatasi yake nimeiweka pamoja na nguo zangu za misa.

Nimekukasirikia sana. Naanza na hasira juu nikianza na kulia sitamaliza barua. Tangia mwezi wa saba! Nilikuwa nakuhesabia wanawake, na wewe ulikuwa umelala na homa. Ulininyima hata kukuombea.

Lakini mimi pia nilikudanganya, basi sikiliza. Papa hatembei polepole juu ya umri.

Mwezi wa kumi watu walijaa. Nyumba ya kusagia ililala familia nne, wengine walilaza watoto juu ya sanduku la serveri kwa sababu lilikuwa na joto. Kisha kituo cha afya kikakosa mazutu ya groupe yao, ile jenereta, na wanawake wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanazaa kila siku. Maji yalikuwa machache. Nilizima mashine, courant yote ya turbini ikaenda maternité. Sikukuandikia juu nilifikiri utasema nimeshindwa.

Mwezi wa kumi na moja nilisikia wanafunzi wanataka kujaribu, mvua ilikuwa imerudi, nikawasha mara moja tu. Siku ile njo wenye bunduki walipita. Sitaandika ni wa upande gani. Walisikia ventilateur, wakaingia, wakaona taa za kijani na waya. Mukubwa wao akasema, "Hii ni phonie, redio ya kusemea. Munaongea na adui." Papa akasema, "Hii ni ya watoto wa masomo." Wakamupiga na kitako cha bunduki kwenye goti, wakamufunga kamba, wakaenda naye.

Mama alilia. Mimi sikulia, sijui sababu gani. Nilivaa kitenge changu cha mwalimu, nikawafuata mpaka kwenye shule walipolala. Nilimuambia mukubwa, "Afande, kama ni phonie, uniue. Kama si phonie, unirudishie papa yangu. Lakini uje uangalie, usihukumu kitu hujaona kikitumika." Askari wake waliniangalia kama muntu aliyeishakufa. Yeye akacheka, akaja.

Nilimukalisha mbele ya screen. Nikamwambia aandike jina lake. Alitafuta herufi na kidole kimoja, jasho likimutoka, akakosea, nikamuonyesha namna ya kufuta. Jina likaonekana kwenye screen zote sita. Alizunguka kuziangalia moja moja.

"Inaongea na nani?" akauliza.

"Na hizi sita tu. Waya ukiisha, na maneno yanaisha."

"Fungua tumbo lake."

Nilizima, nikafungua. Nilikumbuka kushika chuma kwanza. Nikamuonyesha zile prosesa ine, nikamwambia ni akili zake. Akachomoa moja mwenyewe, vibaya, akaitia mufukoni. "Hii itabaki na mimi. Sasa haiwezi tena kufikiri mabaya." Papa alirudi mangaribi, anashikiliwa na watu wawili. Goti halikupona. Hatatembea tena bila fimbo.

Sikukuandikia juu ungekuja. Umeona? Ulinificha kwa sababu ileile. Tulikuwa tunafanana hata katika ujinga.

Niliweka kikadi cha kijani pale akili ya ine ilikuwa. Mashine inafikiri na tatu. Masomo yameanza tena. Constantin yuko, anafundisha wengine namna ya kuwasha.

Sasa njia iko wazi. Rudi nyumbani, Guylain.

Emérita


Walikale, tarehe 29 Machi 2009

Emérita,

Hii ni mukono wa kushoto. Unisamehe herufi. Naandika mustari moja, napumzika.

Nimesoma barua yako mwenyewe. Goti la papa. Ni mimi nililivunja. Ni mimi nilileta ile chuma katika nyumba yake. Na wewe ulikwenda peke yako mbele ya bunduki, na mimi niko hapa napima chumvi kwa kijiko.

Juzi nilijaribu kutengeneza redio ya baba mudogo. Visi moja ya kukazia ikaanguka chini. Nilishindwa kuiokota. Wateja waliangalia fasi ingine. Wangecheka ningevumilia. Waliangalia fasi ingine.

Nilikuwa fundi. Hiyo njo ilikuwa jina langu. Nikirudi nitakuwa nini? Siwezi kufunga kiatu. Sitaki Bienvenu akue akimuvalisha baba yake. Baki kwa papa. Wewe ni mwalimu, utaishi. Nikiwa huku mutakumbuka muntu muzima.

Régulateur inakuja na motard huyu. Imefungwa katika blanketi langu. Iwekeni mbele ya serveri, kati yake na turbini. Waya mwekundu kwenye mwekundu.

Usiniandikie kwamba si kitu. Ni kitu.

Guylain


Lushebere, tarehe 24 Mei 2009

Guylain,

Sitaandika kwamba si kitu. Ni kitu. Nililia siku mbili, nikafua blanketi lako, nikalia tena.

Sasa ngoja nikuambie jury.

Inspecteur alikuja Jumanne, na matope mpaka magotini. Safari hii alikuja bila ordinateur, moto ilikuwa imemuangusha na ordinateur ilibaki Masisi centre. Akaniambia, "Mama mwalimu, bila mashine tutaahirisha mpaka mwaka ujao." Nikamwambia, "Mashine tuko nayo. Ingia." Aliingia, akaona serveri inanguruma kati ya magunia ya mahindi, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Régulateur yako inafanya kazi. Taa za maternité hazikutikisika hata kidogo.

Wanafunzi waliingia sita kwanza. Walikuwa katikati ya épreuve, ule mutihani wenyewe, wakati mvua ilishuka, ile ya mawe. Nilisikia sauti ya turbini inabadilika, inakuwa nzito. Udongo wa kilima ulikuwa umeanguka ndani ya mufereji. Screen zikaanza kupauka. Papa alinyanyuka na fimbo yake, nikamwambia aketi, hakuketi. Nikamukabidhi inspecteur darasa, nikatoka mbio.

Pale kwenye mufereji nikakuta wanawake. Wa kambi, wale walijifungua kwa taa zetu mwezi wa kumi, na wengine siwajui. Waliona papa anashuka kwenye matope kwa matako, na mvua juu yake, wakakuja na mabeseni na majembe. Mumoja alikuwa na mutoto mugongoni amemufunika na sahani. Hakuna aliyeniuliza ni kazi ya nini. Tuliingia ndani ya maji mpaka kiunoni, tukatoa udongo kwa mikono, na papa alikuwa anatupigia kelele kama muntu wa miaka ishirini: "Kushoto! Kushoto, munanifungia maji!" Nilisikia turbini inavuta pumzi, kisha inaimba.

Niliporudi nimelowa, hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameinua macho. Constantin alikuwa anaandika, vidole vyote kumi, bila kuangalia clavier. Inspecteur alikuwa amesimama nyuma yake. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu, mulimufundisha wapi?" Nikamuonyesha magunia, Guylain. Hapa. Katika mahindi.

Watu tisa wamepita. Wawili watajaribu tena. Constantin ni wa kwanza.

Barua yako nilimusomea papa, yote, hata pale pa goti lake. Ukasirike kama unataka. Alivuta tumbaku yake, kisha akasema, "Mwambie mimi sijamutuma muntu aombe radhi kwa goti langu. Mwambie aje. Yeye atanibebea maji, mimi nitamufungia kiatu."

Na mimi nakuambia yangu. Ulisema jina lako lilikuwa fundi. Fundi tuko naye. Ni mimi. Nimeisha kufungua ile mashine ndogo peke yangu, na nimeungua kidole, na niko na maswali ambayo hakuna muntu wa kuyajibu katika Masisi yote. Nimechoka kuwa sahihi bila mubishi. Bienvenu anauliza kama baba yake ni muntu ama ni barua.

Basi nimeacha kuomba. Bienvenu nimemuachia mama. Kesho kutwa naondoka na wafanyabiashara wanaobeba maharagi: Nyabiondo, Kashebere, Kibua, mpaka huko. Pale moto zinapita tutapanda, pale hazipiti niko na miguu miwili mizima. Motard anayebeba karatasi hii anatangulia. Nimemuandikia Mama Euphrasie anionyeshe duka la Edmond, na namubebea kitenge.

Ukiona mwanamuke mwenye matope anasimama mbele ya magunia ya chumvi, usiangalie fasi ingine. Niangalie.

Usijibu barua hii. Haitanikuta.

Bibi yako,
Emérita